Gein Namba Tatu

Jina la Zumari alijipa mwenyewe. Wengine hupewa majina na rafiki zao, au na wake zao wakikasirika. Yeye aliketi siku moja na kalamu, akaandika majina sita kwenye karatasi, akayasoma moja moja kwa sauti, kisha akachagua lililomkaa vizuri mdomoni. Tangu hapo, ukimwita kwa jina alilopewa na mama yake, anakupita kama hakujui.

Siku za kazi alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na miaka kumi na minne ya kukaa upande wa abiria, mguu tayari juu ya breki, ilikuwa imemfanya aamini kwamba kila kitu duniani kitagonga ukuta asipokuwepo yeye. Mwisho wa juma alikuwa mwimbaji na mwenye bendi. Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wanne. Yeye alisimama mbele na kipaza sauti. Nyuma yake alisimama mwokaji mikate, mnene na mpole, aliyepiga gitaa la besi na kuitikia viitikio. Kwenye ngoma alikaa fundi wa mabati ambaye hakupenda mazungumzo. Na pembeni, kwenye gitaa la solo, alisimama shemeji yake, fundi wa mafriji, mume wa mdogo wake wa kike.

Huyo shemeji ndiye aliyemnyima usingizi. Kwa maelezo ya Zumari, ambayo aliyatoa kwa yeyote, awe ameuliza au hajauliza, yeye leo angekuwa mbali sana kama si gitaa la shemeji. Shemeji alikuwa na amplifaya ya valvu, ya kizamani, nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili wanaopendana, yenye taa za kioo kwa nyuma zilizogeuka rangi ya chungwa zikipata moto. Kutoka mle ilitoka ngurumo. Haikuwa ya juu sana, tuseme ukweli. Ilikuwa ngurumo nene, iliyotanda kutoka sakafuni hadi darini bila kubakiza upenyo. Zumari alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtiririka, na watu wakaona mdomo unafunguka na kufungwa. Walicheza na kupiga makofi. Wachache walimfuata mwishoni kumwambia, "Ndugu, unaonekana unaimba kwa hisia."

Kuonekana. Neno hilo lilimchoma kwa miaka tisa.

"Shemeji, punguza sauti," alikuwa akisema, na shemeji, mtu asiye na makuu, aliinama akakizungusha kitufe cha volyumu. Ngurumo ikawa ndogo, lakini ikabaki ngurumo. Mwisho wakawekeana ishara: Zumari akishusha kiganja, maana yake punguza. Katika shughuli moja aliweza kushusha kiganja mara thelathini, hadi wageni wakadhani ni mtindo mpya wa kucheza, na wapo walioanza kumwiga.

Ndipo zikaja habari za Mama wa Studio. Huyu alikuwa mwanamke mwenye chumba cha kurekodia, na kila mwaka alizunguka kumbi akisikiliza bendi ndogo ndogo, akachagua moja tu, akairekodi na kuzipeleka nyimbo zake redioni. Jumamosi saa tisa alasiri angekuja kwenye ukumbi wao. Zumari alikuwa na miaka arobaini na minane. Alijua kwamba mama huyo hatapita njia ile mara mbili, na kwamba asiposikika Jumamosi, basi atakufa akiwa mwalimu wa udereva anayejua kutoka jasho.

Jumatatu alikwenda kwenye duka la vyombo vya muziki kuomba ushauri. Muuzaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akifuta vumbi kwenye magitaa ambayo hakuna aliyeyanunua.

"Anashusha kitufe gani?" aliuliza.

"Cha volyumu."

"Na gein je?"

Zumari alikuna kidevu kwa namna ya mtu anayelijua jambo ila amelisahau kidogo.

"Sikiliza," alisema muuzaji. "Gein ni mlango wa kuingilia, volyumu ni mlango wa kutokea. Huyo mtu wako amewashindilia watu ndani mpaka wanakanyagana, halafu wewe unamwambia abane mlango wa kutokea. Makelele ya kukanyagana si yako palepale? Valvu ukizishindilia zinakoroma. Na mkoromo wake unakaa pale pale inapokaa sauti ya binadamu. Mwambie ateremshe gein hadi namba tatu, volyumu apandishe. Gitaa litalia safi, na wewe utasikika kila neno."

"Kila neno?"

"Hata pumzi."

Zumari alitoka dukani ameinua kidevu. Kufika kesho yake mazoezini, katika stoo nyuma ya ukumbi, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa valvu. Aliwaeleza wenzake mambo ya milango miwili, ila ya muuzaji wa miwani hakuyataja. Alimweleza hata shemeji, ambaye alikuwa ameifungua na kuifunga amplifaya ile kwa mikono yake zaidi ya mara ishirini.

"Gein yako iko wapi?"

"Kumi," alisema shemeji.

"Kwa nini kumi?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Nimeizoea hapo."

"Jumamosi iwe tatu."

Shemeji akamtazama mwokaji. Mwokaji akamtazama fundi wa mabati. Fundi wa mabati akaanza kukaza skrubu ya ngoma ambayo haikuwa imelegea.

"Labda sita, shemeji," alisema shemeji.

"Tatu."

"Basi tano."

"Hapa si sokoni. Miaka tisa umenifunika. Mara moja tu nataka watu wanisikie, nayo naomba kwako kama sadaka?"

Shemeji akasema sawa. Hawakujaribu siku ile, kwa sababu koo la Zumari lilikuwa mapumzikoni kwa ajili ya Jumamosi, limezungushiwa shali. Mwenyewe aliwaongoza wenzake kwa kuwanyooshea vidole.

Alhamisi, mdogo wake alimfuata kazini. Alikuwa mshona sare za shule, mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo bado alikuwa na sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Alimkuta kakake kwenye gari la mafunzo, upande wake wa kawaida, akimsubiri mwanafunzi aliyechelewa. Akaingia upande wa usukani, akafunga mlango.

"Kaka, iache hiyo gein."

"Umetumwa na mumeo."

"Hajanituma. Hata hajui nimekuja."

"Anaogopa, mdogo wangu. Wapigaji wengi wanajificha kwenye mkoromo kwa kuwa vidole havijui kazi. Ukiushusha, mtu anabaki uchi. Mimi nayajua haya."

Dada aliushika usukani kwa mikono miwili. "Wapo wanaojificha, kweli."

"Umeona sasa."

"Kaka, mama amewahi kukwambia nini kuhusu uimbaji wako?"

"Mama? Mama nikiimba anatokwa na machozi."

"Hilo kweli," alisema dada. "Anatokwa."

Mama yao alikuwa akiishi kwa dada, ana miaka themanini na kitu, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti na macho. Zumari alipokuwa mtoto, kila alipoanza kuimba mama alimtuma dukani. Akirudi akaimba tena, alitumwa tena. Yeye aliuhesabu utoto wake kuwa utoto wa mtoto mwenye bidii.

Dada akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kisha mwanafunzi akatokea kwenye kona akikimbia, na Zumari akakanyaga breki yake kwa mazoea, ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Mwambie mumeo ajiandae," alisema. Dada akashuka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama wa Studio aliketi mstari wa tatu, daftari dogo mapajani, mkoba umewekwa sakafuni. Zumari alivaa koti jeupe. Kabla hawajaanza alikwenda mwenyewe nyuma ya shemeji, akainama, akakagua kitufe. Tatu. Akampigapiga shemeji begani, kama anavyompigapiga mwanafunzi anayekwenda kufeli mtihani.

Shemeji akaanza, na ukumbi ukatulia. Hakuna aliyewahi kulisikia gitaa lile, pamoja na kwamba lilikuwa limepigwa mbele yao miaka tisa. Zilitoka noti moja moja, safi, kila moja imesimama mahali pake, na baina yake na mwenzake unasikia vidole vinavyoteleza juu ya nyuzi. Alipiga vizuri kupita kiasi. Mama wa Studio akaandika kitu. Zumari akatabasamu, akijisifu moyoni kwamba amemwokoa hata shemeji, na kwamba leo hii kila mtu atapata kilicho chake.

Halafu akaimba.

Sauti ilitoka chini kidogo ya wimbo, ikapanda kuutafuta, ikaupita, ikarudi kuutafuta kwa upande wa pili. Penye neno refu ilitetemeka, si ule mtetemo wanaofundishwa waimbaji, bali wa mtu aliyebeba ndoo mbili ngazini. Nusu yake ilipitia puani. Muuzaji hakuwa ameongopa: kila neno lilisikika, na pumzi pia. Mwanamke mmoja mbele alimgeukia mwenzake, na mwenzake akaanza kutafuta kitu mkobani, akakitafuta mpaka mwisho wa ubeti.

Kwanza Zumari alidhani kipaza sauti kimeharibika. Akakigonga kwa kidole. Kikagongeka vizuri sana. Akadhani ni spika. Akadhani ni dari. Ubeti wa pili ulipofika katikati vitu vya kulaumu vikawa vimekwisha, na akajua, kama mtu anavyojua kwamba kiti alichokalia kimepakwa rangi leo asubuhi. Kwa mara ya kwanza maishani, kati ya mdomo wake na masikio yake hapakuwa na kitu. Aliona aibu.

Alitaka kumpa shemeji ishara. Lakini katika miaka tisa walikuwa na ishara moja tu, nayo ilikuwa ya kupunguza. Akainua kiganja taratibu, kikielekea juu. Shemeji alikuwa akimtazama, mkono wake wa kulia umekwisha kuziacha nyuzi na kuelekea kwenye kitufe, anasubiri tu auone mkono ule umefika. Ila Mama wa Studio naye alikuwa akitazama. Kiganja kikafika usawa wa sikio, kikakosa ujasiri, kikajifanya kilikuwa kikienda kulaza nywele.

Aliimba nyimbo zote tano. Hapo tumpe haki yake, hakukimbia. Na kila mwokaji alipoitikia, kwa sauti nzito yenye joto ambayo nayo hakuna aliyewahi kuisikia, ukumbi mzima ulishusha pumzi, na kila Zumari aliporudi, ukazibana tena.

Baada ya shughuli Mama wa Studio alikuja mbele. Alimshika shemeji mkono muda mrefu. Alimuuliza mwokaji kama hujaribu kuimba peke yake, na mwokaji akasema huimba akikanda unga. Kisha akamgeukia Zumari.

"Nasikia wewe ndiye mwenye bendi."

"Ndiyo, mama."

"Hongera. Una bendi nzuri sana. Ningependa kuirekodi." Akafunga daftari. "Nani atakuwa anaimba?"

Alimuuliza kwa adabu, bila kejeli hata chembe, na ndiyo maana hakukuwa na pa kumkasirikia. Zumari alisema watamjulisha kabla ya Ijumaa.

Dada alimkuta stooni, amekaa kati ya viti vilivyopangwa vimebebana, koti jeupe limekunjwa magotini. Akavuta kiti kimoja, akakaa.

"Mimi ndiye niliyemwomba," alisema.

"Uliomba nini?"

"Gein. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa yetu. Ulipoimba kwenye harusi ya binamu, watu wakacheka. Wewe ulidhani wanafurahi. Mimi nilikuwa nimekaa nao, nikasikia wanachosema. Nikarudi nyumbani nikalia. Nikamwambia mume wangu, mfunike kaka yangu, usiulize kwa nini. Akajaribu kila kitufe mpaka akakipata."

"Na wengine wanajua?"

"Mwokaji alijua mwenyewe. Yule wa ngoma hasemi, lakini anajua."

Zumari alikuwa na maneno mengi kifuani, yakagombania mlango, yakakwama. "Anapiga vile," alisema mwishowe. "Shemeji anapiga vile, na miaka tisa ananiacha nimwite mharibifu mbele za watu."

"Alisema kuitwa mharibifu hakuumizi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, kaka. Ulikuwa unalalamika kila siku, lakini ulikuwa na furaha."

Jumanne ikawa siku ya mazoezi. Walifika wote kabla ya saa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Shemeji akawasha amplifaya, akasubiri taa za kioo zipate moto, kisha akainama mbele ya vitufe akiwa amempa mgongo kila mtu.

"Shemeji," alisema, "niiweke ngapi?"

Aliuliza kwa moyo mweupe. Angeambiwa kumi, angeiweka kumi, na studio ingekwenda zake, na hakuna hata mmoja mle stooni ambaye angelitaja tena jambo hilo. Zumari alilijua hilo, nalo ndilo lililomuuma kuliko yote. Aliitaka kumi. Aliitaka kama mtu anavyotaka blanketi lake. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi.

Lakini hebu fikiria. Miaka tisa ya mahubiri. Miaka tisa ya kiganja. Juzi tu amewapa somo la milango miwili, kidole juu, kwa sauti ya profesa. Leo aseme pandisha? Aseme mbele ya fundi wa mabati kwamba anaomba kufunikwa? Mtu mwenye unyenyekevu angesema kumi bila shida. Zumari hakuwa na unyenyekevu wa kiasi hicho, na kiburi chake, ambacho hakikuwahi kumfaa mtu yeyote, siku hiyo kiliwafaa watu watatu kwa mpigo.

"Tatu," alisema. "Si nilishasema tatu? Na mwokaji ataimba. Koo langu daktari amelitilia shaka."

Hakuna aliyeuliza daktari yupi. Mwokaji akasogea mbele akiwa bado na unga kwenye kiwiko, na Zumari akachukua kiti, akakaa kando ya amplifaya. Siku ya kurekodi pia alikaa hapo hapo, na alimweleza Mama wa Studio, mara mbili, kwamba yeye ndiye aliyegundua kuwa gein ilikuwa juu mno. Kwa kuwa ilikuwa kweli, mama yule akamshukuru. Zumari aliusikiliza wimbo wote hadi mwisho. Ulikuwa mzuri, wake mwenyewe, alioutunga akisubiri wanafunzi wanaochelewa, na kila ulipokuwa mzuri zaidi ndivyo ulivyomkata maini. Alitoka nje akajifanya anaongea na simu.

Wimbo ulipigwa redioni Jumapili moja saa nne asubuhi. Walikuwa sebuleni kwa dada: dada, shemeji, Zumari, na mama amefunikwa khanga miguuni, redio mezani mbele yake. Mtangazaji alitaja jina la bendi tu. Gitaa likaanza, kisha sauti ikaingia, nzito, yenye joto, haikosei hata silabi.

Mama alisikiliza bila kupepesa. Ubeti wa kwanza ulipoisha akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata wa mwanawe.

"Mwanangu, ndiye wewe huyo?"

Dada akamtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu vyake.

"Miaka yote hii nilikuwa nakuombea, nisikufiche," alisema mama, machozi yakimshuka. "Nilikuwa nasema, mtoto wangu huyu anapenda kitu ambacho hakimpendi. Kumbe unaimba hivi. Kumbe ulikuwa unaimba hivi na mimi nakutuma dukani. Nisamehe."

Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, ilitosha neno moja la kiungwana na hata mawili. Zumari aliutazama mkono wa mama uliokuwa umeushika wake.

"Ilikuwa gein, mama," alisema. "Ilikuwa juu mno. Nimeipunguza."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeihisi hiyo gein siku nyingi. Akajifuta kwa ncha ya khanga, akasogea ukingoni mwa kiti.

"Basi niimbie hapa hapa, baba. Huo huo. Nikusikie kwa masikio yangu."

Shemeji akaacha kutazama viatu. Dada hakumtazama mtu. Aliinuka, akaenda mezani, akakizungusha kitufe cha sauti cha redio mpaka mwisho, na mwokaji, aliyekuwa bado akiimba mle ndani, akaijaza nyumba yote hadi jikoni. Zumari akamsogelea mama yake, akafungua mdomo, akaimba.